Maswali ya Wasomaji: Mavuguvugu ya Kijamii na Siasa za India

Barua tulizopokea kuhusu siasa za India zinarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: nafasi ya mavuguvugu ya kijamii katika nchi yenye uchaguzi huru na watu wa kila aina. Tumechagua zile zinazogusa kiini cha suala hilo.

Swali: *Ndugu mjibu maswali, India hufanya uchaguzi mkuu kila baada ya miaka mitano, ina vyama vingi, na mahakama zake zimewahi kutengua maamuzi ya serikali. Kama njia hizo zote zipo, kwa nini wananchi wanaendelea kuandamana, kufunga kula na kuketi barabarani kwa miezi? Je, hiyo si dalili kwamba demokrasia yenyewe imeshindwa?* (Mwalimu wa somo la uraia)

Jibu: Mwalimu, hoja yako ina uzito, na serikali nyingi zimeitumia dhidi ya waandamanaji: tumechaguliwa, basi rudini nyumbani msubiri uchaguzi ujao. Nionavyo mimi, hoja hiyo inaitwisha kura mzigo isioweza kuubeba. Kura huamua nani ashike madaraka. Haiamui kila kitakachofanywa na madaraka hayo, na kwa mtu ambaye jambo linalomuumiza halimo katika ilani ya chama chochote, siku ya uchaguzi hupita bila swali lake kuulizwa.

Mwaka 1973, katika kijiji cha Mandal, wilaya ya Chamoli kwenye milima ya Himalaya, idara ya misitu iliwanyima wanakijiji miti ya kutengenezea zana za kilimo, kisha ikaigawa miti ya msitu huo kwa kampuni ya vifaa vya michezo. Hapo ndipo lilipoanza vuguvugu la Chipko, ambalo wafuasi wake waliikumbatia miti ili isikatwe. Tarehe 26 Machi 1974, katika kijiji cha Reni, wakati wanaume wakiwa wameitwa mjini kufuatilia fidia ya ardhi, wanawake wakiongozwa na Gaura Devi waliingia msituni wakasimama kati ya miti na mashoka. Mwaka 1980 serikali kuu ilipiga marufuku kwa miaka 15 ukataji wa miti mibichi kwa biashara katika milima hiyo. Ni vigumu kufikiria karatasi ya kura ambayo mwanamke wa Reni angeweza kuitumia kuyasema hayo.

Lakini ipo sababu ya ndani zaidi, nayo inatokana na wingi wa aina za watu. Katiba ya India inatambua rasmi lugha 22. Nchi ina Wahindu, Waislamu, Wakristo, Masingasinga, Wabudha na Wajaini, na ndani ya dini hizo matabaka yasiyohesabika kwa urahisi. Wabunge huchaguliwa kwa majimbo, na anayeongoza hushinda hata kama hakufikisha nusu ya kura: mwaka 2014 chama cha BJP kilipata takriban asilimia 31 ya kura na viti 282 kati ya 543. Katika utaratibu huo, kundi lililokusanyika mahali pamoja linaweza kumpata mbunge wake, lakini kundi lililotawanyika nchi nzima, likiwa la wachache katika kila jimbo, linaweza kupiga kura miaka nenda miaka rudi bila kuamua mshindi popote.

Wadalit, ambao mfumo wa matabaka uliwahesabu kuwa najisi, wanalijua hilo vizuri kuliko wote. Wametengewa viti bungeni, kwa sasa 84. Mgombea wa kiti hicho lazima awe Mdalit, lakini wanaomchagua ni wapiga kura wote wa jimbo, ambao kwa kawaida wengi wao si Wadalit. Utaratibu huo una mizizi katika Mapatano ya Poona ya 1932, yaliyofikiwa baada ya Mahatma Gandhi kufunga kula akipinga Wadalit kupewa daftari lao wenyewe la wapiga kura, jambo ambalo B. R. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, alikuwa amelipigania. Matokeo yake ni kwamba mbunge anayesema kwa ukali juu ya mateso ya watu wake anaweza kukataliwa na wale wale anaowalalamikia. Haishangazi, basi, kwamba mwaka 1972 vijana wa mji wa Bombay (leo Mumbai), baadhi yao washairi kama Namdeo Dhasal, waliunda kundi la Dalit Panthers ili kusema nje ya bunge yale ambayo ndani yalisemwa kwa sauti ya chini. Kundi lenyewe liligawanyika mapema kwa ugomvi wa ndani, lakini mkondo wa madai hayo uliendelea, na mwaka 1989 bunge lilipitisha sheria mahususi ya kuwaadhibu wanaowatendea ukatili Wadalit na jamii za makabila ya asili.

Ukitaka kuona demokrasia iliyonyamazishwa inavyokuwa, tazama miezi 21 ya hali ya hatari, kuanzia Juni 1975, ambapo serikali ya Indira Gandhi iliwafunga wapinzani, ikayadhibiti magazeti na kuzuia maandamano. Serikali hiyo ilikuwa imechaguliwa kwa kura nyingi. Ndiyo iliyoendesha kampeni ya kuwafunga watu uzazi kwa kuwalazimisha, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeruhusiwa kupiga kelele, ubaya wake uliendelea hadi wapiga kura walipoiondoa Machi 1977.

Swali: *Tunasikia mara nyingi kwamba nguvu ya umma hubadili sheria, lakini hatuelezwi hatua kwa hatua. Naomba mfano mmoja ulioanza kwa watu wasio na cheo wala fedha ukaishia kuwa sheria ya nchi nzima.* (Msomaji wa muda mrefu)

Jibu: Ndugu yangu, nitakupa mfano ninaouheshimu kuliko yote, wa vibarua wa jimbo la Rajasthan na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa.

Rajasthan ni eneo kame, na serikali huanzisha miradi ya barabara, mabwawa madogo na majengo ili wakazi wapate kibarua nyakati za ukame. Sheria ilitaja kima cha chini cha mshahara, lakini vibarua walilipwa pungufu, na walipouliza waliambiwa kwamba vitabu vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Walipoomba kuviona vitabu hivyo, walijibiwa kwamba ni siri ya serikali. Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa wilaya ya Rajsamand waliunda umoja uliojulikana kwa kifupi kama MKSS. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Aruna Roy, ambaye mwaka 1975 alikuwa ameacha kazi ya juu katika utumishi wa umma.

Hatua yao ya pili ndiyo iliyogeuza mambo. Badala ya kudai mshahara peke yake, walianza kudai karatasi. Kuanzia Desemba 1994 waliitisha mikutano ya hadhara vijijini ambamo nakala za hesabu walizofanikiwa kuzipata zilisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji wote, wengi wao wakiwa hawajui kusoma. Jina lilitajwa, kiasi cha fedha kikatajwa, na mwenye jina akaulizwa kama alizipokea. Yalitoka majina ya watu waliokwisha kufariki, ya watu waliohama zamani, na majengo yaliyoandikwa kwamba yamekamilika wakati kila aliyehudhuria alijua hayana paa. Napenda kulisisitiza hili kwa sababu ndipo ulipo ufundi wao: hesabu iliyofichwa na ofisi iligeuzwa kuwa jambo ambalo kijiji kizima kinaweza kulitolea ushahidi, na afisa hakuweza tena kubishana na mtu mmoja mmoja.

Aprili 1996 waliketi kwa siku 40 katika mji wa Beawar. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: fedha yetu, hesabu yetu. Wafanyabiashara na wakazi wa mji, ambao hawakuwa vibarua na hawakudai mshahara wowote, walianza kuwaletea nafaka na mboga, kwa kuwa wao pia walikuwa na hesabu zao za kuuliza. Mwaka huo huo waandishi wa habari, wanasheria na watumishi wa umma waliostaafu waliungana nao katika kampeni ya kitaifa, na Baraza la Habari la India, chini ya Jaji P. B. Sawant, likaandaa rasimu ya sheria.

Njia haikuwa nyoofu. Tamil Nadu na Goa zilitunga sheria zao mwaka 1997, Rajasthan mwaka 2000. Bunge la taifa lilipitisha sheria dhaifu mwaka 2002 ambayo haikuanza kutumika kamwe. Ndipo ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2005, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Kwa ada ya rupia 10 katika ofisi za serikali kuu, na bila malipo kwa maskini waliotambuliwa rasmi, raia yeyote anaweza kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30, au ndani ya saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Afisa anayekataa bila sababu hutozwa rupia 250 kwa kila siku hadi kikomo cha 25,000, na faini hiyo huitoa mfukoni mwake.

Tazama sasa nani anaitumia sheria hiyo: mjane anayefuatilia pensheni, mwanafunzi anayetaka kuona karatasi yake ya mtihani, mwandishi wa habari anayechunguza zabuni. Vibarua wa Rajsamand walidai jambo lao, lakini walilidai kwa namna iliyomfungulia mlango kila raia, wa lugha yoyote na dini yoyote. Hiyo ndiyo sababu walishinda, na ndiyo sababu wanaochukia ushindi huo ni wengi pia. Baadhi ya waliotumia sheria hiyo kufichua ufisadi wameuawa, na mwaka 2019 bunge liliirekebisha na kuipa serikali kuu mamlaka ya kuamua muda wa kazi na mishahara ya makamishna wanaosikiliza rufaa. Makamishna hao ndio wanaopaswa kuishurutisha serikali itoe taarifa, na mimi nayaona marekebisho hayo kuwa pigo la kweli.

Swali: *Mnayasifu sana mavuguvugu, lakini mengine yameleta umwagaji damu. Je, kila umati uliojaa barabarani unastahili kuitwa sauti ya wananchi?* (Msomaji mwenye mashaka)

Jibu: Hapana, na nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi. Vuguvugu la kudai hekalu la Ram, mungu wa Kihindu, lijengwe Ayodhya, mahali uliposimama Msikiti wa Babri wa karne ya 16, lilikuwa vuguvugu la kijamii kwa kila kipimo cha nje: lilikuwa na wafuasi wa hiari wengi mno, lilikuwa na nyimbo na alama zake, na mwaka 1990 L. K. Advani, kiongozi wa BJP, aliongoza msafara mrefu ulioanzia Somnath kuelekea Ayodhya. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti huo. Ghasia zilizofuata ziliua watu wengi sehemu mbalimbali za nchi. Katika Bombay pekee, tume ya Jaji Srikrishna ilihesabu takriban watu 900 waliokufa katika miezi miwili. Mahakama ya Juu, ilipotoa eneo hilo kwa ajili ya hekalu mwaka 2019, ilisema pia kwamba kuubomoa msikiti kulikuwa ni kuvunja sheria.

Kwa hiyo ukubwa wa umati hautuambii chochote kuhusu haki yake. Mimi hutumia kipimo kimoja: dai linapokubaliwa, je, kuna raia mwingine anayepungukiwa uraia wake? Mwanamke wa Reni alipoulinda msitu, hakuna jirani aliyeambiwa kwamba nchi hii si yake. Sheria ya 1989 ya kuwalinda Wadalit haimnyang'anyi mtu wa tabaka la juu haki yoyote, isipokuwa ukihesabu kudhulumu kuwa haki. Pale ambapo furaha ya kundi moja inahitaji kundi jingine liishi kwa hofu, vuguvugu hilo linakula msingi wa demokrasia lililosimama juu yake, hata kama linaongozwa kwa utaratibu na kushinda uchaguzi.

Kipimo hicho hakimalizi ubishi wote. Mwaka 1990, serikali ya Waziri Mkuu V. P. Singh ilipotangaza kutenga asilimia 27 ya ajira za serikali kuu kwa matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, wanafunzi wengi waliandamana kwa uchungu, na baadhi yao walijichoma moto. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo naiona hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1992 kuwa ya busara, kwa kuwa iliukubali mgao huo lakini ikaamuru walio na uwezo ndani ya matabaka hayo waondolewe, na kwa jumla nafasi zilizotengwa zisizidi nusu.

Swali: *Waliopinga bwawa kwenye mto Narmada walishindwa na bwawa likajengwa. Kulikuwa na faida gani ya kuhangaika?* (Mhandisi)

Jibu: Ndugu mhandisi, vuguvugu la Narmada Bachao Andolan, ambalo Medha Patkar ndiye anayejulikana zaidi kati ya viongozi wake, lilishindwa katika dai lake kubwa. Benki ya Dunia iliondoka kwenye mradi mwaka 1993 baada ya uchunguzi huru kuonyesha kasoro katika kuwahamisha watu, lakini Mahakama ya Juu iliruhusu ujenzi uendelee mwaka 2000, na Bwawa la Sardar Sarovar lilizinduliwa rasmi mwaka 2017. Vijiji vilizama. Waliokuwa na mashamba kando ya mto hawakuyapata tena.

Lazima tukiri pia kwamba wakazi wa maeneo makavu ya Kutch na Saurashtra huko Gujarat waliyahitaji maji hayo na waliyangoja kwa miaka mingi. Nchi yenye watu wa aina nyingi hukutana na hali hii mara kwa mara, ambapo madai mawili ya haki yanagongana, na mimi simlaumu mkulima wa Kutch kwa kulitetea bwawa. Ninacholaumu ni kwamba, kabla ya mapambano yale, waliohamishwa walihesabiwa kuwa gharama ndogo isiyostahili mjadala, chini ya sheria ya utwaaji ardhi iliyoachwa na mkoloni tangu 1894. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2013 inadai ridhaa ya asilimia 80 ya walioathirika kwa miradi ya kampuni binafsi na 70 kwa miradi ya ubia kati ya serikali na kampuni, inaamuru tathmini ya athari kwa jamii, na inaruhusu fidia ya vijijini kufika mara nne ya bei ya soko. Miradi ya serikali yenyewe haihitaji ridhaa hiyo, na hilo ni pengo kubwa. Lakini hata kidogo hicho kilichopatikana kisingekuwamo sheriani bila watu waliokubali kusimama kwenye maji yaliyokuwa yakipanda wakaonekana na dunia nzima.

Swali: *Je, si afadhali vuguvugu ligeuke kuwa chama cha siasa, liingie bungeni na kutunga sheria lenyewe?* (Kijana anayejiandaa kugombea)

Jibu: Mwanangu, India imejaribu njia zote mbili karibu pamoja. Vuguvugu la kupinga ufisadi la 2011, lililotambulika kwa kufunga kula kwa mwanaharakati Anna Hazare, liligawanyika juu ya swali hili hili. Hazare alikataa chama. Arvind Kejriwal na wenzake waliunda chama cha AAP Novemba 2012. Chama hicho kilishinda viti 67 kati ya 70 katika bunge la Delhi mwaka 2015 na 92 kati ya 117 huko Punjab mwaka 2022, kisha kikaondolewa madarakani Delhi mwaka 2025 baada ya viongozi wake wakuu kukamatwa na kushtakiwa kwa ufisadi, mashtaka waliyoyakana. Kilipata kutawala, lakini kikalazimika kufanya hesabu za chama chochote: nani aungwe mkono, nani asikasirishwe.

Wakulima waliopinga sheria tatu za kilimo za Septemba 2020 walichagua tofauti. Walipiga kambi kwenye barabara za kuingilia Delhi, Singhu, Tikri na Ghazipur, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wakawazuia wanasiasa wa vyama kuhutubia katika majukwaa yao. Uamuzi huo uliwawezesha kukaa pamoja Masingasinga wa Punjab, Wajat (jamii ya wakulima) wa Haryana, wenye mashamba na vibarua, watu ambao siku ya kura hutawanyika. Tarehe 5 Septemba 2021 walifanya mkutano mkubwa Muzaffarnagar, wilaya ambayo ghasia za 2013 ziliwatenganisha Wajat na Waislamu kwa damu, na kiongozi wao Rakesh Tikait akauongoza umati kutamka kwa pamoja dua za Kiislamu na za Kihindu. Tarehe 19 Novemba Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba sheria zote tatu zitafutwa, na kabla ya mwezi kwisha bunge lilizifuta.

Mwezi uliofuata, baadhi ya vyama vya wakulima vya Punjab viliunda kundi la kugombea uchaguzi wa jimbo. Halikupata kiti hata kimoja. Wapiga kura wale wale waliowapelekea chakula na matrekta kambini walimpa kura mtu mwingine, kwa kuwa swali waliloulizwa siku hiyo lilikuwa jingine. Ukigombea, gombea kwa sababu unataka kutawala na uko tayari kuwajibika kwa barabara, shule na hospitali za wote. Ukitaka kulishikilia dai moja mpaka mwisho, nje ya chama utakuwa na washirika wengi zaidi. Wakulima wa India bado wana dai la namna hiyo, la bei ya chini ya mazao inayolindwa kisheria, ambalo serikali iliahidi kuliundia kamati walipovunja kambi Desemba 2021. Sheria waliyoitaka haikutungwa, na Februari 2024 baadhi yao waliingia tena barabarani kuelekea Delhi.